Kisasi Kisichosemwa: Usaliti wa Ndugu katika The Godfather na Sauti ya Msimulizi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna kisa cha usaliti wa siri na kisasi cha kusubiri ndani ya familia ya wahalifu kinavyobadilika maana kinaposimuliwa kwa Kiswahili. Matini za msingi ni riwaya ya Mario Puzo, The Godfather (1969), na filamu mbili za Francis Ford Coppola za mwaka 1972 na 1974, zikitazamwa kwa kuzingatia usimulizi wa filamu katika vibanda vya video nchini Tanzania. Makala inajenga hoja kwamba istilahi za udugu na msamiati wa kisasi katika Kiswahili haviuachi salama ukimya ambao ndio mhimili wa filamu hizo. Kwa hiyo, kile ambacho wataalamu wengi wa tafsiri wamekiita upotoshaji kinastahili kusomwa kama uhakiki wa kimaadili unaofanywa na msimulizi mbele ya hadhira yake.

1.0 Utangulizi

Kagongwa ni mji mdogo wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, unaojulikana kwa biashara ya mpunga na mashine za kukoboa. Uko katika ukanda ambao tangu mwanzoni mwa karne hii umeishi na migodi mikubwa ya dhahabu ya Geita na Bulyanhulu, pamoja na machimbo mengi ya wachimbaji wadogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda huko kwa msiba wa ndugu wa ukoo. Usiku wa pili wa matanga, vijana wa nyumba ile walinichukua hadi kwenye kibanda umiza, ambako sehemu ya pili ya The Godfather ilikuwa ikioneshwa huku sauti ya msimulizi wa Kiswahili ikiwa imerekodiwa juu ya sauti ya filamu.

Sikurekodi onesho lile, hivyo sitayanukuu maneno ya msimulizi. Nimebaki na jambo moja tu. Michael Corleone alipotambua kwamba kaka yake Fredo amemsaliti, mtazamaji mmoja, kibarua wa mashine ya mpunga, aliuliza kwa sauti iwapo mama yao amekwisha kuambiwa. Hakuna aliyecheka. Wenzake walilipokea swali lile kama swali la kawaida kabisa, kana kwamba filamu ndiyo iliyosahau kulijibu.

Naanza na tukio hili kwa sababu lina deni juu yangu. Kabla ya safari ile nilikuwa nimemshauri mwanafunzi wa umahiri aachane na mada ya filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili. Nilimwambia kwamba msimulizi wa kibandani hafasiri bali hubuni, na kwamba matini isiyo aminifu kwa chanzo chake haiwezi kubeba tasnifu. Mwanafunzi yule alibadili mada. Leo naona kwamba nilikosea, na makala hii ni jaribio la kueleza nilikosea wapi. Tukio la Kagongwa silitumii kama data ya uga, kwani onesho moja halithibitishi mwenendo wa hadhira. Limenipa swali tu, na jibu lake nalitafuta katika lugha na katika matini zenyewe.

2.0 Mahali pa kisa hiki katika uhakiki wetu

Fasihi pendwa ya Kiswahili imekuwa na uhalifu miongoni mwa mada zake kuu tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Faraji Katalambulla alipochapisha Simu ya Kifo (1965). Uhakiki wa kazi hizi umejikita zaidi katika mpelelezi: akili yake, mbinu zake na ukopaji wake kutoka katika riwaya ya Kiingereza. Riwaya za Elvis Musiba zilipomleta Willy Gamba, uhalifu ulipanuka ukawa jambo la mataifa. Adui mkubwa akawa utawala wa makaburu wa Afrika Kusini na vibaraka wake, na kisasi kikawa wajibu wa kizalendo. Katika mkondo huo wote, msomaji husimama upande wa anayefichua. Familia inayofanya uhalifu kwa pamoja, ikajihukumu yenyewe gizani bila mpelelezi wala mahakama, haijapata nafasi kubwa.

Pengo hilo limezibwa na filamu za kigeni, nazo zimepita mikononi mwa wasimulizi. Matthias Krings (2015) amemchunguza kwa kina Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, na kuonesha kwamba msimulizi wa namna hii hufanya zaidi ya kubadilisha lugha ya maneno yanayosemwa na wahusika. Hueleza, huongeza, huonya na huhukumu. Kwa mtazamo wa nadharia ya tafsiri inayodai uaminifu, nyongeza hizo ni kasoro. Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, ni kazi ya kawaida ya fanani. Sehemu zinazofuata zinakwenda hatua moja mbele: katika kisa cha usaliti wa ndugu, baadhi ya nyongeza hizo hazitokani na hiari ya msimulizi. Lugha yenyewe inazidai.

3.0 Istilahi za udugu: kaka, shemeji, mjomba

Neno la Kiingereza linalotumika kwa Fredo na Michael ni moja, nalo halisemi nani alizaliwa kwanza. Filamu inaweza kulitumia mara nyingi bila kugusa suala la umri hadi yenyewe itakapotaka. Msimulizi wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Anaweza kusema ndugu, lakini neno hilo ni pana mno na masikio ya hadhira yatasubiri ufafanuzi. Akitaka kueleweka, atasema kwamba Fredo ni kaka yake Michael, na Michael ni mdogo wake Fredo. Mara tu anaposema hivyo, jambo ambalo filamu imelihifadhi kwa ajili ya mazungumzo machungu ya baadaye linakuwa wazi tangu mwanzo, yaani mdogo ameketi kwenye kiti cha mkubwa.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa usaliti wenyewe. Fredo hakuisaliti familia kwa uchu wa fedha peke yake. Alirukwa. Baada ya Santino kuuawa, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kati ya wana waliobaki, lakini uongozi ukaenda kwa mdogo, naye akawa wa kutumwa. Msimulizi anayetamka kaka na mdogo katika kila tukio hutukumbusha jeraha hilo kila mara. Kwa hiyo hadhira ya Kiswahili inaposikia kwamba mdogo ameamua kumuua kaka yake, inapokea makosa mawili kwa pamoja: kumwaga damu ya ndugu na kuvunja heshima ya umri. Kosa la Fredo halifutiki, lakini halisimami peke yake.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Katika filamu ya kwanza, Carlo Rizzi, mume wa Connie, anampiga mkewe ili kumchokoza Santino atoke nyumbani bila ulinzi. Santino anauawa kwa risasi kwenye kituo cha kulipia ushuru wa barabara. Michael anasubiri kwa miaka. Anamweka Carlo karibu, anakubali kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa Carlo na Connie, na siku ileile ya ubatizo anawaangamiza maadui zake wote. Kisha anamhakikishia Carlo kwamba hawezi kumfanya dada yake mjane. Carlo anakiri, anaingia katika gari akidhani anapelekwa uwanja wa ndege, na humo ananyongwa.

Kwa Kiswahili, Carlo ni shemeji, na Michael kwa mtoto yule ni mjomba. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mjomba ndiye mtu ambaye mtoto humkimbilia akifukuzwa na wengine. Wanaanthropolojia wameuandika uhusiano huu mara nyingi, na mzungumzaji wa kawaida anaujua bila kuusoma. Jina la filamu kwa Kiingereza linaweka mkazo kwenye uzazi wa kiroho wa kanisani, na kinaya chake kinategemea uzazi huo. Msimulizi wa Kiswahili akisema tu kwamba mjomba amemuua baba wa mtoto siku ya ubatizo wa mtoto huyo, kinaya kinahama kutoka kanisani hadi nyumbani. Usaliti wa Carlo ulikuwa wa siri. Usaliti wa mjomba ni mkubwa zaidi, kwani umefanywa siku ya ubatizo wa mtoto. Hadhira haihitaji kuwa ya Kikristo ili kuuona.

4.0 Msamiati wa kisasi: deni, shahidi na subira

Tunasema kulipiza kisasi. Kitenzi kinatokana na -lipa kwa mnyambuliko wa kusababisha, yaani kumfanya mtu alipe. Nomino kisasi imetokana na Kiarabu, ambako qisas ni istilahi ya kisheria inayohusu malipo yaliyo sawa na dhara lililotendwa, na ambayo huacha mlango wa msamaha kwa aliyedhulumiwa. Kwa hiyo ndani ya msemo wetu wa kila siku mna deni na mna baraza: deni lina kiwango, na baraza lina mashahidi.

The Godfather nayo inaanza na deni. Siku ya harusi ya Connie, Bonasera, mzika maiti, anakuja kuomba haki kwa ajili ya binti yake baada ya mahakama kuwaachia waliomdhuru, naye anaondoka akiwa na deni la fadhila. Lakini deni hilo ni la chumbani, kati ya wawili, na kiwango chake anakijua mdai peke yake. Maneno ya deni yapo katika dunia zote mbili, ila dunia ya Corleone imeondoa shahidi. Kisasi kisicho na shahidi hakina kipimo, na kwa sababu hakina kipimo, hakiwezi kukoma. Tunaliona hilo katika kisa cha Vito kijana. Anarudi Sicily miaka mingi baada ya Don Ciccio kuwaua baba, kaka na mama yake, anamwinamia mzee huyo sikioni, anataja jina la baba yake, kisha anamchoma kisu. Hapo angalau jina limetajwa, na mdaiwa amejua analipa nini. Mwanawe Michael hataji kitu. Fredo anapigwa risasi ndani ya mashua ziwani akiwa anasali ili apate samaki.

Suala la subira ni gumu zaidi. Ni rahisi kusema kwamba Michael ana subira. Methali zetu zinaonekana kumuunga mkono: simba mwenda pole ndiye mla nyama, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Hata hivyo, subira katika Kiswahili ni jina la fadhila. Mwenye subira anavumilia jambo lililompata, na heri anayoitarajia haitoki mkononi mwake. Anayesubiri ili amdhuru mwingine tuna maneno yake: anavizia, anaotea, ana kinyongo, ameweka fundo moyoni. Lugha imetenganisha ngojo hizi mbili kwa makusudi. Filamu, kwa utulivu wa mwigizaji na uzuri wa picha, inazichanganya, na mtazamaji hujikuta akiustahi uviziaji kana kwamba ni subira. Msimulizi anayechagua neno kuvizia amefanya kazi ambayo mhakiki angeihitaji aya nzima kuifanya.

Swali la kibarua wa Kagongwa linapata nafasi yake hapa. Michael anaagiza kwamba Fredo asiguswe maadamu mama yao yu hai. Wahakiki wengi wamelisoma agizo hilo kama chembe ya mwisho ya utu wake. Katika mantiki ya Kiswahili, usomaji huo hausimami. Mama ana radhi, na radhi ya mzazi haifi pamoja naye. Wala laana haifi. Kumngoja mama afe ndipo umuue mwanawe si kumheshimu. Ni kumwondoa shahidi wa mwisho barazani. Ndiyo maana swali la iwapo mama ameambiwa lilikuwa swali sahihi la kihakiki. Kama mama angeambiwa, kisa kingekuwa kingine: kungekuwa na kikao, machozi, aibu, pengine laana, pengine msamaha. Kisasi cha Michael kinawezekana kwa sababu mama hajui.

5.0 Yowe na ukimya

Kwa nini swali hilo liulizwe kwa wepesi namna ile huko Kagongwa? Jibu la tahadhari ni kwamba eneo hilo lina historia yake ya kushughulikia uhalifu kwa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika sehemu za Kahama na wilaya jirani, Wasukuma na Wanyamwezi waliunda vikundi vya sungusungu kukabiliana na wizi wa mifugo na ujambazi. Chombo chao cha kwanza kilikuwa mwano, yaani yowe la hatari ambalo kila anayelisikia hupaswa kulipokea, kulipitisha na kulifuata. Aliyekaa kimya naye alijiweka mashakani. Katika utaratibu huo, ukimya haukuwa hekima, ulikuwa karibu na ushiriki.

Sisemi haya kwa kuusifu utaratibu huo. Yowe nalo limeua wasio na hatia. Vikongwe wa Usukuma walioshutumiwa uchawi na kukatwa mapanga ni jeraha ambalo mkoa wa Shinyanga haujalisahau, na mara nyingi mnong'ono uliowaua ulianzia ndani ya nyumba zao wenyewe, kwa sababu ya shamba au urithi. Hapo yowe na ukimya viliungana: shutuma ilitajwa hadharani, lakini aliyelipa wauaji hakutajwa. Kikulacho ki nguoni mwako si methali ya mapambo katika ukanda huu.

Fasihi simulizi ya Wasukuma inaonekana kulijua tatizo hili. Katika ngano ya Masala Kulangwa, kijana anamuua zimwi Shing'weng'we aliyewameza watu wote, na kulipasua tumbo lake ili watoke. Katika masimulizi yanayofahamika sana, kisu chake kinamkata kikongwe mmoja sikio kwa bahati mbaya, naye anashika kinyongo dhidi ya mwokozi wake. Ngano haiishii kwenye ushindi. Inakwenda mpaka kinyongo kile kijulikane na kishughulikiwe. Shujaa anayeacha kinyongo nyuma yake hajamaliza kazi.

6.0 Kisasi kinachofichua: mwangwi katika Utengano

Inawezekana kupinga kwamba hoja hii inategemea mno fasihi simulizi na kibanda kimoja. Tuitazame basi riwaya iliyoandikwa. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maksuudi ni mzee mwenye mali na tamaa ya siasa, ambaye heshima yake imejengwa juu ya dhuluma aliyowatendea wengine. Si mkuu wa genge, lakini nyumba yake ina sifa tulizoziona kwa akina Corleone: mamlaka ya mwanamume mmoja, milango iliyofungwa, na mali yenye siri. Anguko lake linatokana na mpango wa muda mrefu wa wanawake. Farashuu ana kisa naye cha zamani. Kazija anamnasa yeye na mwanawe Mussa pia. Biti Kocho, anayehudumu ndani ya nyumba ileile, hayuko upande wa bwana wake.

Ni usaliti wa siri na ni kisasi cha kungoja. Tofauti iko kwenye kilele. Mpango wa Kazija hautimii kwa kifo cha Maksuudi. Unatimia pale baba na mwana wanapokutana kwake na kila mmoja kumwona mwenzake. Kisasi ni kuumbua. Siri iliyofichwa ndiyo silaha, na silaha hiyo inafanya kazi inapofunguliwa. Kwa Michael ni kinyume chake. Siri inafanya kazi ikibaki imefungwa, na filamu ya kwanza inaisha kwa yeye kumdanganya mkewe, kisha mlango kufungwa mbele ya uso wa mke huyo.

Kwa hiyo msimulizi wa kibandani anapozungumza juu ya tukio la mashua, akamweleza mtazamaji nani ametoa amri, kwa nini, na nani anayetazama kutoka nchi kavu, hajaharibu sanaa ya Coppola kwa ulimi mrefu. Amekisogeza kisa kutoka katika kanuni moja ya kisasi hadi nyingine. Mwongozaji ameficha ili tuhisi ubaridi. Msimulizi amefichua ili pawe na shahidi. Kwa kuwa mama hakuambiwa, ameambiwa kibarua wa mashine ya mpunga, na wenzake waliokaa naye kwenye mabenchi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha mambo matatu. Kwanza, istilahi za udugu katika Kiswahili huuweka wazi uhusiano ambao Kiingereza huuacha usitajwe, na hivyo hubadilisha uzito wa usaliti. Pili, msamiati wa kisasi unabeba ndani yake wazo la deni lenye shahidi, na hutenganisha subira na uviziaji. Tatu, riwaya kama Utengano inathibitisha kwamba kisasi cha kungoja kinaweza kukamilika kwa kufichuliwa, na kwamba kanuni hii haikuzuliwa na wasimulizi wa video.

Ipo hatari katika hoja hii, nayo nisiifiche. Msimulizi anayehukumu anaweza kuhukumu vibaya. Anaweza kumpa hadhira mhalifu rahisi pale ambapo filamu ilitaka tumwone binadamu mgumu. Historia ya yowe katika ukanda ule inatutaka tusiisahau hatari hiyo. Lakini dawa yake si kumnyamazisha msimulizi kwa kipimo cha uaminifu wa tafsiri. Dawa ni kumsoma kama tunavyomsoma mwandishi yeyote, kwa kuuliza amechagua neno gani, ameacha lipi, na amemfanya nani kuwa shahidi.

Usiku ule tulirudi matangani baada ya filamu kwisha. Wazee walikuwa bado wamekaa nje, wakizungumzia madeni ya marehemu kwa sauti ambayo kila mtu angeweza kuisikia, kama desturi inavyotaka kabla ya mazishi kufungwa. Aliyemdai alijitokeza na kutaja kiasi. Aliyedaiwa naye alitajwa. Nilikaa nikasikiliza, nikamkumbuka mwanafunzi yule. Mada niliyomnyima ilikuwa imekaa pale barazani muda wote.